Anayekaa Juani

Siku ya tatu ya Ramadhani, bizari ilikataa kunuka.

Usicheke. Bizari nyembamba iliyopitishwa kwenye kikaango na kutwangwa papo hapo hainyamazi. Inatoka uani, inavuka barabara, inamfuata mpita njia mpaka kwake. Lakini mchana ule Asmaa aliinamia kinu, akavuta pumzi, asipate kitu. Akadhani ni mafua. Akakibeba kinu mpaka mlango wa nje, hatua kumi hivi, na huko harufu ikampiga usoni akapiga chafya. Akarudi uani alipoketi dada yake: hakuna kitu. Akatoka tena: ipo. Mwingine angejiuliza. Asmaa hakujiuliza, kwa sababu siku ile alikuwa na furaha, na furaha yenyewe alikuwa hajaionja kwa miaka miwili. Akaketi, akawasha mshumaa, akaendelea kuziba vipakiti vya nailoni kwa moto wake huku dada yake akimchekesha.

Walikaa Machakos mjini, si mbali na msikiti, katika nyumba ya vyumba viwili vya mabati waliyoachiwa na baba yao. Baba alikuwa mtu wa Mombasa, muuza vitambaa. Mama alikuwa Mkamba wa Kalama aliyesilimu alipoolewa. Wote wawili walikwisha kufa. Kaka yao Habibu alikuwa na duka Katangi na wake wawili wa kumshughulisha, kwa hivyo alikuja Idi kwa Idi, akala, akasema haya tutaonana, akaenda zake. Ruqaya ndiye mkubwa, miaka arobaini na minne. Asmaa alikuwa na thelathini na minane, hajaolewa, na kazi yake ilikuwa kutwanga viungo vya pilau na kuvisambaza madukani.

Zamani Ruqaya ndiye aliyekuwa mdomo wa nyumba. Akienda sokoni kununua nyanya anarudi na habari za mtaa mzima, nani kamkosea nani, nani kavaa nini, na akiiga mwendo wa mtu unamwona mtu mwenyewe kasimama mbele yako. Asmaa hakuwa msemaji. Kazi yake ilikuwa kusikiliza na kushika mbavu. Ndivyo walivyoishi, mmoja anasema, mmoja anacheka, na hakuna aliyeona kwamba amepungukiwa.

Kisha, mwishoni mwa mwaka wa tisini na nne, Ruqaya akaanza kuwajibu watu ambao hawakuuliza kitu. Mwanzo alijibu kwa upole. Baadaye akawa anagombana nao, hasa magharibi, kwa sauti nzito ambayo Asmaa hakuijua. Siku moja alikikumbatia kinu akataka kukitupa ndani ya jiko, akisema kuna mtu mle ndani. Wiki nzima hakulala hata lepe. Maalim Tariq wa msikitini akaja kusoma Ijumaa tatu, na baada ya ile ya tatu akavua kofia, akajikuna, akasema kwa sauti ya chini, "Mpelekeni hospitali vilevile. Dua haijamkataza mtu dawa." Namheshimu maalim yule. Wengi wa aina yake wangesema tuleteeni mbuzi mwingine.

Kliniki ya wagonjwa wa akili ilikuwa kila Jumanne, na mganga aliyekaa pale aliitwa Nzioka, mwanamume mrefu mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Aliwasikiliza mpaka mwisho, halafu akamwaga vidonge mezani.

"Hii inaitwa klopromazini," alimwambia Asmaa. "Asubuhi kimoja, mchana kimoja, usiku viwili. Usiku ni viwili sababu inaleta usingizi. Leo atalala. Lakini usidhani amepona kwa sababu amelala. Usingizi unakuja siku ya kwanza. Hizo sauti zinaenda polepole, wiki mbili, tatu, saa zingine hata sita."

"Inafanyaje, daktari?"

"Kwa ubongo kuna kitu inaitwa dopamini, iko na viti vyake. Ikizidi, mtu anasikia vitu wengine hawasikii. Sasa hii dawa inaenda inakaa kwa hivyo viti, dopamini ikifika inapata pamejaa." Akavua miwani. "Shida ni kwamba dawa yenyewe haina adabu. Inakaa mpaka kwa viti haikualikwa. Mdomo utakauka sana, atataka maji kila saa. Akisimama haraka presha inashuka, anaona giza, anaanguka. Mikono itatetemeka, hiyo niko na kidonge ingine ya kusaidia. Na jua, dada yangu, jua! Ngozi yake itaungua. Asikae juani hata kidogo."

Asmaa akamsogelea. "Na kama ni jini?" akanong'ona.

Nzioka hakucheka, na kwa hilo Asmaa alimwamini tangu siku ile. "Mimi natibu mwili," alisema. "Hii dawa inafanya kazi kwa kitu iko na damu. Hayo mengine muulize maalim. Na kila usiku shika tochi. Mwambie afungue mdomo, ainue ulimi, uangalie na mashavu. Wagonjwa wanaficha vidonge, na wewe hutajua."

Dawa ilifanya yote yaliyosemwa. Ruqaya alilala siku mbili. Baada ya wiki ya tano ile sauti nzito haikusikika tena, na majirani wakampongeza Asmaa. Alhamdulillahi, amepona. Lakini aliyepona alikuwa mtu anayekaa kitandani akitazama mikono yake ikitetemeka, midomo imepasuka, ulimi umekauka mpaka maneno yanamkwama. "Maji," alisema. "Maji, Asmaa." Mara nyingine siku nzima hayo ndiyo yaliyokuwa mazungumzo yao. Idi moja alitoka uani kumwamkia Habibu, akakaa juani robo saa tu, na kesho yake ngozi ya pua na ya paji la uso ikaanza kubanduka. Tangu hapo akakaa ndani, chumba cha nyuma, mlango umerudishwa.

Asmaa akabaki na kinu chake. Hakuna anayemwambia mtu upweke ule wa kuwa na ndugu yako umbali wa ukuta mmoja na bado humpati. Alikula peke yake. Ramadhani ya kwanza alifuturu peke yake, Ramadhani ya pili pia, adhana inalia, anaonja tende, anatazama sahani ya pili aliyoitoa kabatini kwa mazoea, anairudisha. Kuna jioni alijikuta anaisimulia sufuria ya uji habari za sokoni. Akajishtukia, akalia, akapakua.

Kwa hivyo Ramadhani ya tisini na saba ilipokaribia, na jua la Januari likiwaka juu ya Machakos kama halina kazi nyingine, Asmaa alikata shauri. Alijua mgonjwa hakulazimika kufunga. Lakini alitaka mtu wa kufuturu naye. Akaacha kumpa kidonge cha mchana, na cha asubuhi, na kimoja cha usiku, akabakisha kimoja tu baada ya tarawehe. Hakumuuliza Nzioka. Alijiambia ni mwezi mmoja. Tena ni mwezi mtukufu, mashetani wote wamefungwa minyororo, kila mtoto wa madrasa anajua hilo. Nani angemdhuru dada yake katika mwezi huu?

Siku mbili za kwanza hakukuwa na kitu. Siku ya tatu, karibu na adhuhuri, mlango wa chumba cha nyuma ukafunguka, Ruqaya akatoka mwenyewe, akaketi kwenye mkeka uani, akasema, "Kalondu wa mboga amenunua kitambaa kipya cha kichwa, rangi ya ndizi mbivu. Umekiona? Mungu amsamehe."

Asmaa akaangusha mchi. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Ndiyo siku ile bizari ilipokataa kunuka.

Basi ikawa kila siku. Asubuhi Asmaa anafanya kazi peke yake; jua likifika utosini, saa ambayo mtu hana kivuli, Ruqaya huyo anatoka. Anaongea, anaiga watu, anamtania mdogo wake kwamba anaziba vipakiti kama mtu anayemfunga mwizi. Alikaa juani waziwazi. Asmaa alimsihi aingie kivulini, ngozi itaungua.

"Jua gani hili?" Ruqaya akasema. "Nipe hiyo iliki niichambue."

Alichambua iliki saa mbili nzima, na ngozi yake haikuungua. Asmaa alimgusa mkono, akaukuta baridi kidogo. Aliinuka ghafla bila kuyumba. Alifunga kutwa bila kulamba midomo, na midomo yenyewe ilikuwa laini, inang'aa. Asmaa aliviona vyote hivyo na kila kimoja akakishukuru. Dada yake alikuwa amerudi. Baraka za mwezi.

Kulikuwa na madogo madogo. Jioni hakula mpaka Asmaa awe ameshapiga bismillahi na kumeza, na yeye mwenyewe hakuitamka. Na aliyajua mambo. "Ile siku ulipoongea na sufuria," alisema mchana mmoja, "uliiambia habari ya yule mwenye duka na mizani yake, nikacheka mimi." Asmaa akaona haya, halafu haya ikageuka ikawa machozi. Kumbe miaka yote ile alikuwa akisikilizwa! Mchana mwingine akamhadithia bibi yao, mama yake baba, alivyofika Machakos na sanduku jeupe akalia siku saba. "Nilikaa pale kizingitini nikimtazama," alisema.

"Ulikuwa hujazaliwa, dada."

"Ah. Niliambiwa."

Na akaendelea.

Baada ya futari Ruqaya alitangulia kuingia chumbani. Asmaa alipotoka msikitini alimkuta kitandani, uso ukutani, hana neno. Alimpa kidonge na uji na maji. Aliyanywa yale maji mpaka pumzi ikamwishia, birika zima, akataka jingine. Swaumu imemchosha, Asmaa alifikiri. Akashika tochi alivyofundishwa. Fungua mdomo. Inua ulimi. Ulimi ulikuwa mkavu, umegandamana na meno, na kidonge kimekwenda.

"Usiende," Ruqaya alisema usiku mmoja, amemshika kifundo cha mkono kwa mkono unaotetemeka.

"Siendi popote, dada. Lala. Kesho tutaongea."

Siku ya kumi na mbili, saa saba mchana, wakiwa wawili uani wanachambua karafuu, kitu kikasema ndani ya chumba cha nyuma. Kilisema polepole, kama kinasukuma neno kwa nguvu zote.

"Maji."

Asmaa akageuka. Kisha akamtazama dada yake aliye mbele yake juani, mkono ndani ya ungo.

"Umesikia?" akanong'ona.

"Nimesikia." Ruqaya hakuinua macho. "Usiitike."

"Ni nani?"

"Ni yule aliyekuwa ndani yangu. Mimi nimetoka, yeye amebaki."

"Lakini Ramadhani hii, dada. Si wamefungwa?"

"Amefungwa, ndiyo. Kwani mtu aliyefungwa hulia nini?"

Sauti ikaita tena, ikaita na jina lake, Asmaa, Asmaa, nyembamba, imekauka, na nywele zikamsimama kuanzia shingoni mpaka mikononi, kwa sababu ilikuwa sauti ya dada yake kabisa, na dada yake alikuwa amekaa hapo, anachambua karafuu, anatabasamu. Alikimbilia kufuli. Alilitia mlangoni akisoma Ayatul Kursiy, na ng'ambo ya ubao akasikia kitu kinajiburura sakafuni kuja upande wake.

Tangu hapo akawa anaufunga mlango ule kila siku Ruqaya akishatoka, na kuufungua magharibi. Ndani kulikuwa na joto la mabati lisilosemeka. Sauti iliita adhuhuri na alasiri, siku ya kwanza kwa nguvu, siku zilizofuata kwa nguvu kidogo. Ruqaya wa uani aliongeza mazungumzo, akaongeza na vichekesho, na Asmaa akacheka. Hili ndilo neno gumu kwangu kulisema, lakini lazima nilitoe: alicheka. Mwanzo alicheka ili asisikie. Baadaye alicheka kwa sababu vichekesho vilikuwa vizuri.

Kalondu, jirani muuza mboga, alichungulia juu ya ua siku ya kumi na sita. Alipomwona Ruqaya mkekani akainua mkono kumsalimu, halafu akaushusha bila kujua kwa nini.

"Mwaitu," alimwambia Asmaa polepole, kama Wakamba wanavyomwita mama, "kuna paka mmefungia hapo ndani? Jana mchana nimesikia kitu inakwaruza mlango."

"Ni panya."

"Panya?" Kalondu alimtazama tena yule aliyekaa juani, akajifunika kanga vizuri. "Haya. Weka dawa basi."

Jumanne, Ramadhani kumi na nane, baada ya adhuhuri, Asmaa alikwenda kliniki peke yake kuchukua vidonge, kama kawaida. Aliufunga mlango wa chumba kabla ya kutoka. Ruqaya alimsindikiza mpaka mlango wa ua, akamwambia asikawie.

Nzioka akafungua faili. "Mdomo bado unakauka?"

"Hapana, daktari. Anafunga na hata hataki maji."

"Kizunguzungu?"

"Hakuna. Anainuka tu kama msichana."

"Na jua?"

"Anakaa uani toka saa sita mpaka alasiri, haungui hata kidogo!" Asmaa alisema kwa furaha. Hakuweza kujizuia. "Na anaongea, daktari. Amerudi vile alivyokuwa."

Nzioka aliacha kuandika. "Unampa vidonge ngapi?"

Akasema ukweli, kimoja, usiku, tangu mwezi uandame.

Alitarajia kugombezwa. Nzioka alivua miwani akaifuta kwa shati, taratibu, akairudisha. "Sikiza," alisema. "Hii dawa haiishi mwilini siku moja. Inaingia kwa mafuta ya mwili inakaa. Na hata hicho kimoja kinatosha kukausha mdomo na kufanya jua limchome. Mwaka jana robo saa ilimtoa ngozi. Mtu anakaa jua la Januari saa tatu, anafunga, mdomo mlaini?" Akatikisa kichwa. "Huyo mtu hajameza dawa. Hata nusu. Anakuficha."

"Hanifichi. Naangalia na tochi. Ulimi wake ni mkavu, daktari, umekauka kabisa, na usiku anakunywa mabirika mawili, na mikono inatete..."

Nzioka alimwona anabadilika rangi.

"Dada yangu, ni nini?"

Wapo wawili, Asmaa alifikiri, na aliinuka kwa nguvu mpaka kiti kikaanguka. Yupo anayemeza na yupo anayekaa juani, na dawa inafanya kazi kwa kitu chenye damu, na mimi ufunguo ninao hapa.

Alikimbia. Alikimbia mchana kweupe, buibui limekamatwa mkononi, viatu akiviacha njiani kimoja kimoja, akipita maduka anakouza viungo vyake na wenye maduka wanatoka kumtazama na yeye hawaoni, anaona mlango tu, na nyuma ya mlango anahesabu, kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne, siku sita na ya leo, saa sita sita za joto la mabati kila siku, mdomo wa dawa, swaumu ambayo hakuna aliyemuuliza kama anaitaka, na sauti ile, Asmaa, Asmaa, ambayo aliisomea Ayatul Kursiy ili inyamaze, na leo alipotoka ilikuwa kweli imenyamaza na yeye akashukuru, ya Rabi, alishukuru kwa mdomo wake.

Ua ulikuwa kimya. Vikapu vya iliki, bizari, karafuu vilikuwa wazi juani na hakuna harufu hata moja, hewa ilikuwa tupu. Yule wa juani alikuwa mkekani.

"Umekawia, mdogo wangu," alisema.

Asmaa alimpita mpaka mlango wa chumba. Akatia ufunguo.

"Ukifungua hapo," sauti ilisema nyuma yake, bado ni ya Ruqaya, ya upole, ya zamani, "utapata mgonjwa wa kuosha. Hatakuambia habari ya mtu. Utafuturu peke yako mwaka huu, na mwaka ujao, na ule mwingine. Mimi nilikuomba nini? Nimekula chako? Nimekupiga? Geuka basi nikuambie jambo la mwisho, la yule mwenye mizani."

Na Mungu anisamehe kwa kulisema, lakini Asmaa alisimama. Kwa pumzi moja, mbili, ufunguo ndani ya kufuli, alisimama akasikiliza. Halafu akauzungusha.

Ruqaya alikuwa sakafuni nyuma ya mlango. Kucha zake zilikuwa zimekatika. Midomo imepasuka na damu imekauka, macho yamefunguka nusu, na kifua kinapanda kidogo sana. Asmaa alimtia maji kwa kidole, tone kwa tone, akilia kwa sauti mpaka Kalondu akaruka ua na kupiga mayowe ya kuita watu. Uani hapakuwa na mtu mwingine. Mkeka ulikuwa mahali pake, na mtaa mzima ulinuka bizari.

Hospitali walimtundikia maji siku nne. Asmaa alimwambia Nzioka kila kitu, na Nzioka akafunga faili, akasema tu, "Usipunguze tena bila kuniuliza." Maalim Tariq alikuja kusoma chumbani na uani, pembe zote nne, akanyunyiza maji ya kombe, yaliyosuuza aya zilizoandikwa sahanini. Asmaa akamfuata mpaka mlangoni.

"Maalim, si hufungwa mwezi huu?"

"Wanaofungwa ni waasi," maalim alisema polepole, akitazama nyuma yake. "Wapo na wengine. Wapo wanaofunga pamoja nasi. Mpweke hupendwa na wengi, mwanangu. Usikae peke yako."

Rahisi kusema.

Idi ikapita. Habibu akaja, akala, akasema tutaonana. Vidonge vilirudi vyote, asubuhi kimoja, mchana kimoja, usiku viwili, na Ruqaya akarudi kitandani na mikono yake inayotetemeka. Hakusema neno hata moja. Maji hakuyaomba tena, aliyasubiri. Asmaa aliweka birika kila mahali mkono wake ungefika, akahamishia kinu chumbani, akatwangia humo, akala humo, akalala sakafuni kando ya kitanda. Kila siku alimsihi. "Niambie chochote, dada. Nitukane." Ruqaya alimtazama tu.

Ilikuwa wiki ya tatu ya mfungo mosi, mwezi unaofuata Ramadhani, mchana, jua utosini, ndipo alipofungua mdomo. Ulimi ulikuwa mzito, alilitafuta kila neno.

"Nilikuita," alisema.

"Najua, dada. Najua. Nisamehe."

"Nilikuwa nakusikia unacheka."

Asmaa akaweka kichwa chake juu ya goti la dada yake.

"Siku nyingi sikukusikia ukicheka hivyo," Ruqaya alisema. Akapumzika, akameza mate yasiyokuwepo, akaweka kiganja chake juu ya kichwa cha mdogo wake. Hapakuwa na hasira katika sauti yake, na hilo ndilo lililomuua Asmaa. "Mimi siwezi tena kukuchekesha. Mwite arudi."

Na nje uani, mahali pasipokuwa na mtu, mtu akaitikia kwa upole, "Haya."

Asmaa hakuinuka kwenda kutazama. Aliushika ule mkono unaotetemeka kwa mikono yake miwili, akaanza kuongea. Yeye ambaye maisha yake yote hakuwa msemaji alianza kumhadithia dada yake kwa sauti kubwa chochote kilichomjia, bei ya karafuu, kitambaa cha Kalondu, mama yao alivyokuwa akipika isyo ya mahindi na maharagwe, akikosea, akirudia, asithubutu kunyamaza hata kumeza mate. Ruqaya alifumba macho, anasikiliza. Na kila Asmaa alipotaja kitu cha kuchekesha kidogo, aliyekuwa uani alicheka.